Kijitabu cha kumkumbuka matroni wetu: tunaanzia wapi?

Tranka la Bluu
Habarini wakuu. Tuliosoma shule moja ya bweni ya wasichana huku Nyanda za Juu Kusini tumefiwa na matroni wetu mstaafu. Familia imepanga ibada ya kumbukumbu miezi 3 ijayo, nasi tunataka kutoa kijitabu, nakala 150 hivi. Kundi la WhatsApp lipo, ila kila anayeandika anaishia "alikuwa mama kwetu, apumzike kwa amani". Tupateje cha kuandika, na uchapaji unaendaje?

Kiranja Mstaafu
Poleni sana dada. Mkiuliza "unamkumbukaje" mtajibiwa hivyo hivyo. Ulizeni vitu. Funguo za bweni alizifunga kwenye nini? Usiku zilitangulia kusikika kandambili au hodi? Aliyeanza hedhi saa nane za usiku bila pedi aligonga mlango upi, na akaambiwa nini? Siku ya kufungua shule, kwenye ukaguzi wa matranka, alikamata nini na alifumbia macho nini? Wajibu kwa ujumbe wa sauti, dakika 3 zinatosha, kisha mmoja wenu anukuu bila kuwasafishia lugha.

Maswali msiyatupe kwenye kundi kubwa. Wa kwanza akijibu, waliobaki wanaandika "umenena". Mfuateni mtu mmoja mmoja, wawili watatu kwa kila mwaka wa kuhitimu, mkianza na waliokuwa viranja wa mabweni na wa afya. Wapishi na walinzi pia, maana wao walimwona wanafunzi wakiwa wamelala.

Nesi wa Zamu
Angalieni mambo mawili. Kwanza tiba zake. Mkichapa yale maji ya chumvi na sukari ya kumpa anayeharisha, kipimo ni lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Kumbukumbu za watu hugeuza nusu kuwa viwili, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Pili, visa vya mimba, vya kukojoa kitandani, vya magonjwa. Kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "yule wa kidato cha tatu mwaka ule" darasa zima limeshamjua. Mhusika akubali mwenyewe, la sivyo kiondoeni. Matroni alizitunza siri hizo miaka yote, leo mzitangaze ninyi?

Fundi Chapa
Chukueni A5, yaani nusu ya A4, ya kupigwa pini katikati. Kurasa lazima zigawanyike kwa 4: 24, 28, 32. Ukileta 30, mbili zitatoka tupu. Karatasi ya ndani iwe ya gramu 100 kwa mita ya mraba, jalada 250.

Kinachoharibu vijitabu vingi ni picha. Iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa. Kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi inatoka ukungu. Waitume kama faili, au kwa barua pepe. Kujaza ukurasa wa A5 kunahitaji picha ya pikseli kama 1,750 kwa 2,480. Za zamani zipitisheni kwenye skana, nukta 600 kwa inchi. Ukiipiga kwa simu chini ya taa, mng'ao unafuta sura. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, iskani na kioo chake.

Chapeni nakala 1 ya mfano. Mtu wa familia asome majina na tarehe, asaini, ndipo mashine iendelee.

Mweka Hazina
Michango ya kijitabu isichanganywe na rambirambi. Chukueni bei za maandishi kwa wachapaji wawili kabla ya kutangaza kiwango. Namba ya mtu binafsi huzaa maneno. Fungueni akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji zaidi ya mmoja. Nakala 2 zipelekeni maktaba ya shule.

Tranka la Bluu
Asanteni sana. Picha nyingi tulizonazo amesimama pembeni, mdogo mno. Tumkate tumkuze?

Fundi Chapa
Hapana, atavunjika vunjika. Chapeni picha nzima, chini muandike: "mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto".