Redio ya chuo imetukata 2,000 kila mtu kwa ajili ya jarida la muziki, njooni muone walichochapa

Wakuu, salaam. Huwa ni msomaji tu humu, nyuzi za kulalamika nawaachia wengine, lakini hili limenishinda.

Chuo sikitaji, wa hapa mtajijua. Tuna redio ya wanafunzi, na kusema haki hewani wanajitahidi. Sasa muhula uliopita wakaja na jarida la muziki, la kuchapwa kabisa, la kushika mkononi. Kila mwanafunzi akakatwa 2,000 siku ya usajili. Sikunung'unika, maana mimi karatasi naipenda, tena nikajitolea kuandika bure makala ya Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa na mwimbaji wa dansi wa zamani. Wiki tatu nilizunguka kwa wazee pale Morogoro. Babu mmoja alinitolea santuri kutoka uvunguni, zimefungwa kwenye kanga ya marehemu mkewe, akanikataza hata kuzishika, nikawa nasoma lebo huku yeye kazishikilia.

Jarida likatoka. Nafungua makala yangu, nakutana na picha ya nusu ukurasa: Marijani Rajab, mwanamuziki mwingine kabisa! Chini yake wameandika "Mbaraka Mwinshehe enzi za uhai wake". Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, Marijani mwaka 1995. Muuza kahawa yeyote mwenye mvi angewaambia huyo ni nani, wangemuuliza tu.

Ngoja, bado. Kichwa cha makala wamenibadilishia bila hata kunipigia: "Mfalme wa Jazz Tanzania". Pembeni wamechora saksofoni. Mhariri kaona jina la bendi yake, Morogoro Jazz, akajua ni jazz ile ya New Orleans. Jamani, NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, zote hizo ni bendi za dansi, hilo "Jazz" lilikuwa jina la kujinogesha kwa wakati ule. Na Mbaraka mkono wake ulikuwa kwenye gitaa la solo. Yote hayo niliyaeleza aya ya pili. Aya ya pili wameifuta.

Kilichoniuma zaidi ni mwisho. Nilisimulia bendi ilivyokwenda Japani mwaka 1970 kwenye maonesho ya Osaka, halafu nikaingia kwenye kuvunjika kwa ndoa ya Mbaraka na bendi hiyo. Makala yangu kwenye jarida inaishia hivi, nanukuu: "Mwaka 1973 akaondoka Morogoro Jazz, akaenda kuanzisha". Basi. Hakuna nukta. Ukifunua ukurasa unakutana na tangazo la saluni. Super Volcano nzima, bendi aliyoianzisha, imemezwa na kusuka rasta kwa bei poa.

Nikaenda kuuliza. Kumbe walipanga kurasa 26. Jarida la kukunja na kupiga pini katikati, kila karatasi inatoa kurasa nne, kwa hiyo lazima idadi igawanyike kwa nne. Fundi wa mtambo akawaambia waongeze mbili au wapunguze mbili. Wakapunguza mbili, wakachagua zangu kwa sababu, nanukuu tena, "matangazo yamelipiwa". Na mimi 2,000 yangu nilitoa karanga?

Ratiba ya vipindi nayo ni kichekesho. Zilipendwa inaruka saa 2 usiku. Wao wametoa kwenye kompyuta 8:00 wakaandika "saa 8 usiku". Saa nane usiku anasikiliza nani, mlinzi na popo? Kuna mzee wa mtaani kwetu nilimpa nakala kwa mbwembwe zote, akakesha na redio yake ya betri. Nilipokutana naye aliniangalia tu.

Mtu asije hapa kusema wanafunzi tusitegemee makubwa. Kanada, pale Vancouver, CiTR ni redio ya chuo kama hii yetu, na jarida lake la Discorder lilianza mwaka 1983, likawa linagawiwa bure mjini. Nao walikuwa wanafunzi, wana mitihani na njaa kama sisi. Tunachokosa hapa ni mtu mmoja wa kusoma prufu kabla haijaenda kwa mchapaji. Mmoja tu! Nilipomwambia mhariri hivyo akacheka, eti "hili ni jarida la burudani, nani anasoma yote hayo?"

Kwa hiyo tumechangishwa kwa kitu ambacho mhariri wake mwenyewe anajua hakisomwi. Maboksi yamejaa chini ya ngazi za studio, moja limewekwa kuzuia mlango usijifunge. Hata mama wa vitumbua kayakataa, karatasi inang'aa, hainyonyi mafuta.

Juzi wametangaza toleo la pili, mchango umepanda kuwa 3,000. Jana usiku mhariri kanitumia ujumbe, tena ameanza na "kaka mkubwa", anaomba niwaandikie makala ya Marijani Rajab. Nimemjibu picha anayo tayari, abadilishe tu maelezo ya chini.