Binti yangu yuko shule ya nyuklia ya wanamaji wa Marekani, alama zinashuka, na nimemficha kuwa bibi yake anaumwa

Mama Kifungua

Shikamooni wakubwa, wadogo habari za leo. Miaka yote nimekuwa msomaji tu, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo lenyewe lina pande mbili.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, tuko Ohio mwaka wa 14 sasa. Kifungua mimba wangu ni binti wa miaka 20, alikuja huku ana miaka 6. Alipomaliza sekondari akasema anataka jeshi la wanamaji. Akafanya mtihani wa kujiunga, hesabu zikatoka vizuri mno, wakamwambia anafaa fani ya nyuklia, yaani kuendesha vinu (mitambo ya nguvu za nyuklia) vinavyosukuma nyambizi na zile manowari kubwa za kubeba ndege. Fani hiyo haichukui asiye raia, lakini sisi wazazi tulipata uraia yeye akiwa bado mdogo, kwa hiyo upande huo hakukuwa na shida. Akasaini miaka 6. Akaenda depo Great Lakes, Illinois, akamaliza, tukaenda kumwona akitembea gwaride, baba yake akalia.

Sasa yuko Goose Creek, karibu na Charleston, South Carolina. Hatua ya kwanza, ya kujifunza umeme, aliimaliza vizuri. Sasa yuko kwenye ile wanayoiita Power School, karibu miezi sita ya fizikia ya nyuklia, hesabu, kemia na namna joto linavyosafiri kwenye maji na chuma. Hapo ndipo mwanangu alipobadilika.

Alama ya juu kabisa ni 4.0, ya kufaulu ni 2.5. Huyu tangu darasa la kwanza hajui nafasi ya pili. Mtihani mmoja kapata chini ya 2.5, uliofuata 2.6. Ananipigia usiku nikiwa zamu (nafanya kazi nyumba ya wazee), anasema, "Mama, nimechoka," halafu kimya. Nasikia anapumua tu. Nikiuliza anasoma nini, anasema si ruhusa kunieleza. Nikimwambia arudi chumbani akasome kwa utulivu, anasema madaftari hayatoki kwenye jengo. Wiki ya tatu sasa sauti yake si ile ninayoijua.

Baba yake ni dereva wa malori ya masafa. Neno lake ni moja: vumilia. Picha ya binti akiwa na sare alishaiweka kwenye kundi la ukoo, Tanga nzima wanamwita injinia.

Upande wa pili. Mama yangu mzazi, ndiye aliyemlea huyu mtoto tangu ana miezi kumi hadi siku tunapanda ndege, alipata kiharusi mwezi uliopita. Mkono na mguu wa kulia havisogei, maneno yanatoka kwa shida. Binti sijamwambia. Nimewaomba wadogo zangu kule wanyamaze hadi amalize shule. Kila akiuliza, "Bibi mzima?" najibu mzima, anakusalimu. Jana kataka kuongea naye kwa video, nikasema mtandao wa kule mbaya.

Nimwambie aache? Nimwambie avumilie kama anavyosema baba yake? Na hili la bibi, nifiche hadi lini? Naogopa pia kwamba simu nyingi za Tanzania zinaweza kumharibia kibali chake cha usalama, kile cha kuruhusiwa kufanya kazi za siri.

Mtoto wa Makorora

Pole sana dada yangu. Mungu ampe nafuu mama yetu. Nakaa hapa nisome wenye uzoefu.

Fundi wa Kinu

Dada Mama Kifungua, salamu. Mimi nilipitia shule hiyo hiyo, fani hiyo hiyo ya umeme, nikamaliza miaka yangu 6 kwenye manowari ya kubeba ndege. Ngoja nikueleze siku ya binti yako ilivyo, maana hatakueleza yeye.

Asubuhi hadi alasiri yuko darasani. Vipindi vikiisha, kazi haijaisha. Kuna saa za lazima za kujisomea kila wiki, ndani ya jengo lile lile, na alama zikishuka saa zinaongezwa. Masomo yenyewe ni siri ya serikali, ndiyo maana daftari linabaki nyuma ya mlango. Kwa hiyo ukimwambia akasome chumbani unamwambia jambo lisilowezekana, na yeye anakata simu akijiona kuwa hata mama haelewi. Chumbani ni pa kulala tu. Na mitihani si ya kuchagua A au B. Unapewa swali, unaandika maelezo kwa maneno yako na kukokotoa hatua kwa hatua, karatasi baada ya karatasi.

Sasa sikiliza. 2.6 amefaulu. Wapo watu waliomaliza na alama za namna hiyo, wakaenda kuendesha vinu, na nilifanya nao kazi bila wasiwasi.

Swali ninalotaka umwulize ni hili: mara ya mwisho ulimwendea mwalimu lini? Saa zile za jioni walimu wapo, kazi yao ni kukaa na mwanafunzi na kumchorea mpaka aone. Lakini mtoto aliyekuwa wa kwanza maisha yake yote hajui kuuliza. Sisi tulivyolelewa, anayeuliza ndiye asiyejua. Mimi miezi miwili nilikaa kimya nikinakili kurasa zile zile hadi saa nne usiku. Siku niliyonyanyua mkono nikagundua nilichokosa ni kitu cha dakika ishirini.

Kuhusu kuacha: hii si kama chuo ambacho mtu anabeba sanduku na kurudi nyumbani. Alisaini. Akifeli baada ya kujitahidi, wanakaa kikao, wanaangalia juhudi zake, wanaweza kumrudisha nyuma au kumtoa kwenye fani ya nyuklia na kumpangia kazi nyingine humo humo jeshini. Anabaki mwanamaji. Namjua aliyetolewa hivyo, leo yuko vizuri na ana amani. Kwa hiyo kufeli si mwisho wa dunia, ila usimwambie "acha" kana kwamba mlango uko wazi, utamchanganya.

Mjomba wa Pwani

Mimi niseme ukweli. Mtoto wa kike umpeleke kwenye mionzi ya nyuklia? Kesho akiolewa, atazaa? Mrudishe nyumbani mapema.

Fundi wa Kinu

Mjomba, kwa heshima zote, usimtie mama wa watu hofu ya bure. Power School hakuna kinu, ni madarasa na vitabu. Atakapofika kwenye kinu atavaa kipimo cha mionzi mwilini, kinasomwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu zake. Mtu aliye ndani ya nyambizi chini ya maji kwa kawaida anapata mionzi kidogo kuliko wewe unayetembea juani, kwa sababu maji yanazuia ile inayotoka angani na hayuko juu ya udongo na mawe yenye mionzi yake. Wanawake wako kwenye manowari za kubeba ndege tangu 1994 na kwenye nyambizi tangu 2011. Niliowafahamu wana watoto.

Nesi wa Usiku

Dada, mimi ni nesi, na mwenzako wa zamu za usiku. Acha alama kwanza. Nataka kujua anakula? Analala? Ameacha vitu alivyovipenda? Amewahi kutamka kitu kama "mngepumzika nisipokuwepo"? Uchovu wa masomo na kukata tamaa ni vitu viwili tofauti, na kwa simu vinafanana sana.

Mwulize waziwazi kama amewaza kujidhuru. Najua kwetu neno hilo halitamkwi. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunamfungulia mlango. Aiweke namba 988 kwenye simu yake, akipiga abonyeze 1, ni ya wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi, usiku na mchana. Kambini kuna kasisi wa jeshi. Anachoambiwa kasisi hakipeleki kwa mkubwa yeyote, na huhitaji kuwa wa dini yake kukaa kwenye kiti chake. Tena kuna sheria ya 2021 inayompa mwanajeshi haki ya kumwomba mkubwa wake apelekwe kuonana na daktari wa afya ya akili bila kulazimika kutoa sababu.

Na jambo moja wewe unalijua kuliko walimu wake wote: kulala mchana. Baada ya shule hii anaenda hatua ya tatu, miezi sita mingine kwenye kinu chenyewe, zamu zinazozunguka, wiki hii asubuhi, wiki ile usiku. Mfundishe unavyofunika dirisha, saa ngapi unakunywa chai ya mwisho, unavyozima simu bila kujihisi mkosaji. Huo ni msaada ambao mzazi mwenye kazi ya ofisini hawezi kuutoa.

Baba wa Nyambizi

Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu mzima, kijana wangu yuko kwenye nyambizi, mwaka wa nne huu. La masomo vijana wamelijibu. Mimi nazungumzia la bibi.

Dada yangu mkubwa alifariki kijana wangu akiwa chini ya bahari. Tukaamua tumfiche mpaka arudi, tukasema tunamlinda. Nyambizi ikafika bandarini, akawasha simu, kitu cha kwanza kukiona ni binamu yake ameandika "miezi mitatu ya huzuni bila mama". Hakunipigia siku ile. Hakunipigia miezi mitano. Hakuwa na hasira kwamba shangazi amekufa. Aliniambia baadaye, "Baba, kila ulichoniandikia miezi ile yote sasa sijui kipi kilikuwa kweli."

Binti yako bado yuko nchi kavu. Simu inapatikana, anaweza kulia na rafiki pembeni, anaweza kumwona bibi yake kwenye kioo cha simu na bibi akamwona. Akishapanda nyambizi hata ukitaka kumwambia hutaweza, utabaki na ujumbe mfupi wa maandishi ambao hujui atausoma siku gani. Mwambie sasa.

Na jiandae. Hali ikibadilika, mnapiga simu Msalaba Mwekundu wa Marekani, wao wanathibitisha kwa daktari kisha wanampelekea ujumbe mkuu wake wa kazi. Andika pembeni jina lake kamili, kikosi chake, jina na simu ya daktari wa Tanga. Bibi kwa kawaida hahesabiwi kama mzazi, kwa hiyo eleza wazi kwamba huyu alimlea kama mama. Ruhusa anatoa mkuu wake, na safari ya nje lazima aitolee taarifa mapema kwa sababu ya kibali.

Kibali hakiharibiki kwa kumpigia bibi. Jamaa wa nje aliwaandika mwenyewe kwenye fomu ya kuomba kibali hicho. Asieleze kazi yake tu, na wewe usiweke mtandaoni picha ya kitambulisho chake wala tarehe za safari zake.

Fundi wa Kinu

Naongezea kwa mzee. Shule ile mtu akifeli wanamsaidia. Akidanganya, akiandika kipimo ambacho hakukisoma, hapo wanamtoa. Ndivyo mfumo ulivyojengwa tangu Admirali Rickover, mtoto wa fundi cherehani aliyeletwa kutoka Poland akiwa mdogo, ndiye aliyeipa Marekani nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus. Makamanda walitakiwa kumwandikia habari mbaya moja kwa moja, bila kuzipamba. Binti yako kila siku anafundishwa hivyo. Akija kugundua la bibi mwenyewe, ataumia mara mbili.

Na shemeji yetu mwambie, kwa upendo, hilo neno "vumilia" alipumzishe mwezi mmoja. Ampigie amwulize kala nini leo.

Mama Kifungua

Ndugu zangu, narudi. Imepita wiki mbili.

Nilimwambia Jumapili. Niliandika maneno kwenye karatasi nikashindwa kuyasoma, nikasema tu, "Bibi hakuwa mzima. Nilikudanganya." Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akauliza, "Siku ile ya mtandao mbaya?" Nikasema ndiyo. Akakata simu. Siku mbili hakujibu ujumbe, nami sikulala, nilifuata ushauri wa nesi nikamwandikia namba ile ya 988 na kumwuliza lile swali kwa maandishi. Siku ya tatu akajibu: "Hapana mama. Nimekasirika tu."

Kumbe siku hizo mbili alimtafuta mdogo wangu wa Tanga bila kupitia kwangu, akaongea na bibi kwa video. Bibi hakuweza kulitamka jina lake, aliinua mkono wa kushoto. Sasa wanaonana kila Jumapili, mimi simo. Nadhani ni haki yake.

Kwa mwalimu ameenda, mara nne. Mtihani wa juzi kapata 2.7. Hakuniambia mimi, kamwambia baba yake, kwa sababu baba yake alimpigia akiwa kituo cha mafuta Indiana akamwuliza kala nini, wakaongea dakika arobaini. Kwangu bado sauti ni fupi. Nasubiri.

Nimekaanga visheti nimtumie, ndivyo bibi alivyokuwa akimtengenezea. Aliyewahi kutuma Charleston anijulishe: vinafika vizuri au vinalainika njiani?

Baba wa Nyambizi

Charleston wakati huu unyevu wake kama wa Tanga, mfuko wa nailoni usijaribu. Viache vipoe usiku kucha, kisha viweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, na karatasi kila tabaka. Tuma Jumatatu visilale posta mwisho wa wiki. Na vitie vingi, pale bwenini hawezi kula peke yake.