Mafundi wa Amu, fomati si dawa ya kila ugonjwa!

Leo sina salamu ndefu. Nauliza tu: nani aliyewafundisha mafundi wetu wa kompyuta hapa Amu kwamba kila mashine inayokwenda polepole dawa yake ni fomati, yaani kuifuta diski na kuanza upya?

Dada yangu ana nyumba ya wageni Mkomani. Laptopu yake ikawa nzito, ukiibonyeza iwake unaweza kwenda kununua mahamri ukarudi bado inazungusha. Akaipeleka kwa fundi. Jioni akarudishiwa nyepesi kabisa, na tupu. Daftari la wageni, madeni, ankara, picha za wanawe tangu walipozaliwa, hakuna hata kimoja. Alipouliza akajibiwa, "Dada, ilikuwa na virusi, nimekuwekea mpya." Na pesa akachukua.

Hakumuuliza kama mna kitu anachokitaka humo. Swali moja tu, jamani!

Windows ikiwa nzito unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Linatokea dirisha la Task Manager, unaona programu ipi inakula kumbukumbu na ipi imeing'ang'ania diski. Humo humo kuna orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapowaka, unazizima zisizo na kazi. Kisha unatazama drivu C, ile sehemu ya diski inayokaa Windows, imebakiwa na nafasi kiasi gani, kwa sababu ikijaa hata Windows yenyewe haipumui. Haya hayataki cheti cha chuo. Jahazi likivuja hutiwa kalafati, halichomwi moto.

Haya, tuseme Windows iliharibika kweli. Bado kufuta si lazima. Ipo njia ya kuirudisha upya huku faili za mwenyewe zikibaki. Na ukiweka Windows mpya juu ya ya zamani bila kufomati, vya zamani huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na faili za mtu zimo humo. Mashine imekataa kuwaka kabisa? Unawasha Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kutoka kwenye flashi, unanakili kila kitu kwenye diski ya nje, ndipo ufanye utakalo.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Fomati ya haraka haifuti data yenyewe, inafuta ile orodha inayoonyesha kipi kiko wapi. Kwenye diski ya kuzunguka kama hii ya dada, vitu hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Angeishia hapo tungeokoa vingi. Lakini bwana mkubwa, baada ya kuweka Windows, akamjazia sinema za Kihindi, michezo ya magari na programu chungu nzima, eti zawadi! Kila sinema inaweza kuwa imekalia picha ya mtoto.

Bado sijamaliza. Windows ameiamsha bila leseni kwa kiprogramu cha wizi kutoka kwenye flashi yake, na ili kipite akazima Defender, kinga ya virusi ya Windows, akaiacha imezimwa hivyo hivyo. Akaunti ni moja tu, ya admini, yenye mamlaka yote, haina nywila, kwenye mashine inayokaa mapokezi wageni wakipita. Na alichoweka ni Windows 10, ambayo Microsoft waliisitishia msaada wa kawaida, pamoja na viraka vya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Huyu alikuwa anatibu virusi au anavikaribisha?

Najua watakuja wa "bakapu yake iko wapi?" Sawa. Lakini mwenye kupaswa kulikumbuka hilo kabla ya kufomati ni nani, mwenye kutandika vitanda vya wageni au mwenye kuandika "mtaalamu wa kompyuta" mlangoni? Ukiona mteja hana nakala, hiyo ndiyo sababu ya kuigusa diski yake kwa adabu.

Mashine nimeizima na nimekataza mtu kuiwasha. Kama yuko mtu Malindi au Mombasa anayeokoa data, na anajua kwamba kwanza hunakiliwa diski nzima, ndipo utafutaji ufanywe kwenye nakala, aniandikie hapa bei yake na programu anayotumia. Diski nitaichomoa niivushe bara, Mokowe, mwenyewe, simpi mtu wa basi. Wale wa "ilete tuifomati tena tuone" msijisumbue kujibu.