Kahawa chungu na meno: doa linaondokaje bila kuumiza jino?

Mnywaji_Mkunazini
Asalaam aleikum jamaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi. Ratiba ni kahawa chungu ya tangawizi asubuhi, kisha maskani baada ya Laasiri, vijikombe vitatu vinne kila kikao, kwa kashata au halua. Meno yamepata rangi ya kahawia, zaidi upande wa ndani wa meno ya chini na pale jino linapokutana na ufizi. Kwa mswaki na dawa ya kawaida haitoki. Ushauri wa mtaani ni mkaa wa kusaga, au ndimu na magadi. Kahawa siachi. Nataka kujua doa hili limekaa wapi hasa, lipi linatoka nyumbani na lipi ni la daktari, na nini kifanyike kila siku lisirudi.

Tabibu_Meno_Unguja
Waaleikum salaam ndugu yangu. Mkaa uweke pembeni kwanza, nitaurudia.

Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, kila jino hufunikwa na utando mwembamba wa protini za mate. Utando huo ni kinga, hauna ubaya. Tanini za kahawa, yaani kemikali zake zenye ukakasi na zinazotia rangi, hushika kwenye utando huo, hazishiki kwenye jino lenyewe. Ukoga, ule uchafu laini unaotoka ukikwangua jino kwa ukucha asubuhi, unaipa rangi pa kukaa zaidi. Na ukoga usipoondolewa, ndani ya siku chache huanza kushika madini ya mate na kugeuka ugaga, ambao ni mgumu, una vitundu na uso wa kukwaruza. Ugaga ndio unaokunywa kahawa kwa kasi.

Umesema upande wa ndani wa meno ya chini. Hapo chini ya ulimi ndipo mate yanapomiminika kutoka kwenye tezi zake, ndiyo maana kwa watu wengi ugaga huanzia hapo. Kwengine ni upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu ileile.

Jipime hivi. Simama penye mwanga wa dirisha, kausha jino kwa kitambaa safi, pitisha ukucha kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Ukikwama kwenye ukingo, huo ni ugaga, na hakuna mswaki wala dawa ya kuutoa nyumbani. Ukiteleza na rangi ni mstari mwembamba tu, hilo ni doa la juu na linaweza kupungua kwa usafi mzuri. Jino likiwa la manjano kote sawasawa, rangi hiyo ni ya dentini, tabaka la ndani la jino lililo chini ya enameli, lile gamba gumu la nje, na kusugua hakuifikii. Jino moja peke yake likiwa la kijivu, nenda ukaonwe haraka: mara nyingi neva yake imekufa, na kahawa haihusiki. Na mtu aliyekulia Arusha au Kilimanjaro kwenye maji yenye floraidi nyingi huwa na madoa ya kahawia yaliyoingia tokea jino linajengeka. Hayo nayo hayasuguliki.

Sasa mambo ya kila siku. Asubuhi piga mswaki kabla ya kahawa. Ukoga ukishaondoka, kahawa inakosa pa kung'ang'ania. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm, namba huandikwa nyuma ya boksi. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha, povu jingi si usafi. Laza mswaki nusu mshazari, kama digrii 45, nusu kwenye jino na nusu kwenye ufizi, uzungushe kwa mwendo mfupi, dakika mbili kamili. Kwenye meno yako ya chini kwa ndani mswaki hauwezi kulala: usimamishe wima, tumia ncha yake, jino moja moja, kutoka kwenye ufizi kwenda juu. Sehemu hiyo ndiyo watu wanaipita haraka kuliko zote. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki ifanye kazi. Usiku rudia, na baada ya hapo isipite kinywani ila maji. Katikati ya meno tumia uzi wa meno mara moja kwa siku.

Ukimaliza kahawa, kunywa maji na sukutua kwa nguvu nusu dakika, maji yapite mpaka nyuma ya meno ya chini. Anayekwenda kutia udhu wa Magharibi kutoka maskani ana nafasi nzuri: ile sukutua mara tatu aifanye kwelikweli, asiyaguse maji midomoni tu. Mswaki wa dawa usubiri nusu saa. Kahawa ina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) ya karibu 5, na enameli huanza kulainika pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, kwa hiyo yape mate muda wa kuirudisha.

Na jambo linalosahauliwa: vijikombe sita ndani ya robo saa ni afadhali kuliko vijikombe sita vilivyotawanywa kwa saa tatu za mazungumzo. Kinachohesabika ni muda ambao kinywa kimelowa kahawa. Kashata na halua kula mwanzoni, usiwe unamega kidogo kidogo mpaka adhana, kwani kila ukimega, bakteria wanatengeneza asidi upya kwa kiasi cha nusu saa. Hapo hatuzungumzii rangi tena, ni kutoboka.

Duka_la_Dawa_Darajani
Naongezea alipoishia daktari, kwa sababu maswali ya mkaa na ndimu hayakauki.

Mkaa wa kusaga nyumbani, hata ukichekechwa kwa kitambaa, una chembe kali zisizolingana. Unang'arisha siku za mwanzo kwa sababu unakwangua kila kilichopo, pamoja na enameli. Enameli haioti tena. Ikipungua, dentini ya manjano inaonekana zaidi, na mikwaruzo iliyobaki inashika kahawa kuliko mwanzo. Mtu anaona meno yamerudi kuwa manjano, anaongeza mkaa. Vilevile chembe nyeusi hujificha kwenye ufizi na kwenye kingo za meno yaliyozibwa, na kuzitoa ni kazi.

Ndimu ina pH ya karibu 2. Ukiipaka kisha ukasugua papo hapo, unasugua enameli iliyokwisha kulainishwa. Ule ukakasi unaousikia kwenye meno baadaye ndio dalili yenyewe. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni alkali kali, yanachoma ufizi. Watu wanayachanganya na soda ya kuokea, na hivi ni vitu viwili. Soda ya kuokea ni laini, inayeyuka, haikwangui sana. Anayetaka aitumie mara moja au mbili kwa wiki, kidogo tu juu ya mswaki uliolowa, bila ndimu, kisha apige mswaki kwa dawa yake ya kawaida, kwani soda haina floraidi. Isiwe bekingi pauda, hiyo ina asidi na wanga ndani.

Dawa za meno zilizoandikwa kuwa zinang'arisha: nyingi zina chembe za kusugulia zaidi, nyengine zina rangi ya buluu inayofanya jino lionekane jeupe kwa muda. Zinasaidia doa la juu. Anayesikia ganzi akinywa maji baridi asizitumie kila siku.

Mwana_Wete
Mbona hakuna aliyetaja mswaki wa mti? Huku Pemba wapo wengi wanaoutumia, na kwa doa la kahawa unafanya kazi nzuri ukitumiwa sawa. Chagua kijiti kibichi, unene wa kidole kidogo, kiwe na harufu kali. Kikikauka kiloweke maji kabla ya kutumia. Menya ganda sentimita moja tu, tafuna mpaka nyuzi zifunguke na kulainika. Nyuzi ngumu ndizo zinazochana ufizi na kuusukuma juu, ukaacha shina la jino wazi. Sugua kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino, usikate kwa ubavu kama unasugua sufuria. Nyuzi zikichakaa, kata ncha hiyo, fungua mpya.

Upungufu wake ni kuwa haufiki vizuri nyuma ya meno ya chini, pale penye tatizo la ndugu yetu, mpaka uukunje. Kwa hiyo mchana mswaki wa mti, asubuhi na usiku ule wa dawa. Mwezi wa Ramadhani kahawa huhamia baada ya Tarawehe, na wengi hapa hawapigi mswaki baada ya adhuhuri kwa kufuata kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi. Basi wa daku usiukose: kula, kunywa maji, piga mswaki kwa dawa kabla ya Alfajiri.

Mnywaji_Mkunazini
Ahsanteni sana, Mungu awajaze kheri. Nimepima, ukucha unakwama kwa ndani. Ni ugaga basi. Wazee wanasema ile mashine ya hospitali ya kuondolea ugaga inalegeza meno, kuna ukweli? Na hizi krimu za kung'arisha zinazouzwa mitandaoni, zinafaa?

Tabibu_Meno_Unguja
Mashine hailegezi. Inatikisika kwa kasi kubwa na kumwaga maji, ugaga unapasuka, jino linabaki. Ila ugaga wa miaka huwa umekwisha kula mfupa unaoshika jino, na wenyewe umejaza nafasi. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo unajitokeza, na nafasi kati ya meno zinaonekana. Anayesubiri zaidi anapoteza mfupa zaidi. Kwa hiyo nenda kitengo cha meno, Mnazi Mmoja au kliniki iliyo karibu nawe, na uombe mambo mawili: kuondolewa ugaga na kung'arishwa, yaani uso wa jino kusuguliwa uwe laini. Ukikwanguliwa bila kung'arishwa, uso unabaki na mikwaruzo na kahawa inarudi upesi. Ufizi kutoka damu kidogo siku ile na meno kuhisi baridi siku chache ni kawaida. Kwa mnywaji wa kahawa kila siku, miezi sita ni muda mzuri wa kurudi kuangaliwa.

Krimu za mitandaoni, hapana. Nyingi hazisemi nguvu yake. Dawa inayogeuza rangi ya jino lenyewe ni peroksaidi. Inayozoeleka kwa matumizi ya usiku ni kabamaidi peroksaidi ya 10%, ambayo ni sawa na haidrojeni peroksaidi ya 3.5% hivi, ikivaliwa ndani ya kifuniko kilichochongwa kwa meno yako, kwa wiki mbili au zaidi. Kifuniko kisichokutosha kinavujisha dawa na kuunguza ufizi. Ulaya dawa yoyote ya kung'arisha meno yenye haidrojeni peroksaidi inayozidi 0.1% haiuzwi kwa mtu wa kawaida, hupitia kwa daktari wa meno. Ugaga utolewe kwanza na matundu yazibwe, vyenginevyo dawa inaingia mpaka kwenye neva. Wajawazito na walio chini ya miaka 18 wasubiri. Na jino la bandia au sehemu ya jino iliyozibwa haibadiliki rangi, kwa hiyo mwenye jino la bandia mbele atabaki na rangi mbili.

Duka_la_Dawa_Darajani
Mawili ya mwisho. Ukipewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini kwa ajili ya ufizi, itumie kwa muda ulioandikiwa tu, mara nyingi wiki mbili. Yenyewe inaleta doa la kahawia, na kahawa na chai ya rangi zinalizidisha sana. Na anayetafuna tambuu na tumbaku pamoja na kahawa asitarajie meno meupe kwa njia yoyote hapo juu. Kubwa zaidi, tambuu na tumbaku huleta saratani ya kinywa, kwa hiyo kidonda kisichopona kwa wiki mbili kionwe.

Chai ya maziwa inatia doa dogo kuliko ya rangi, kwani protini ya maziwa inashika tanini kabla hazijafika kwenye jino. Baada ya kung'arishwa kwa peroksaidi, siku mbili za kwanza acha kahawa, chai ya rangi, zambarau, ukwaju na kila chenye bizari ya manjano, urojo ukiwemo, ambao una manjano na ukali wa embe bichi pamoja. Wali mweupe, samaki wa kuchemsha kwa chumvi, mkate, maziwa na ndizi vinatosha kwa siku hizo mbili.