Dokstringi za Kiswahili zinavurugika kwenye Sphinx

Uyole_kodi
Wakuu, habari za saa hizi. Tuna maktaba huria ya Python ya kukadiria mavuno ya viazi mviringo huku Mbeya. Maelezo ya fankisheni (dokstringi) tunaandika kwa Kiswahili, mtindo wa Google. Shida ni kwamba kwenye kurasa za Sphinx, zana inayotengeneza kurasa za nyaraka, vigezo vyote vinaungana kuwa aya moja:

```
def kwa_hekta(kilo, ekari):
    """Kokotoa mavuno kwa hekta
    Vigezo:
        kilo: uzito wa viazi
        ekari: ukubwa wa shamba,
        usiwe sifuri
    """
```

Tuhamie mtindo wa `:param:` wa Sphinx yenyewe?

Kihesa_juu
Msihame, mkuu. Sphinx peke yake haielewi mtindo wa Google, inahitaji kiendelezi kiitwacho Napoleon. Tangu toleo 1.3 inakuja ndani ya Sphinx, hakuna cha kusakinisha, ongeza `"sphinx.ext.napoleon"` kwenye `extensions` ndani ya `conf.py`, pamoja na `"sphinx.ext.autodoc"` inayovuta dokstringi kutoka kwenye kodi.

Hata hivyo "Vigezo:" haitatambulika, maana Napoleon inatafuta `Args:`, `Returns:`, `Raises:`. Unaweza kuifundisha kwa `napoleon_custom_sections = [("Vigezo", "params_style")]`, lakini Ruff, kikaguzi cha kodi ya Python, haitaujua mpangilio huo na ukaguzi wenu utakuwa nusunusu. Mimi ningeacha vichwa hivyo vitatu kama vilivyo na kuandika mengine yote kwa Kiswahili.

Halafu tazama "usiwe sifuri". Umeipanga sawasawa na majina, kwa hiyo itasomwa kama kigezo kingine. Isogeze ndani nafasi 4 zaidi. Muhtasari nao uishie na nukta, kisha uache mstari mtupu; bila huo unaweza kuona ujumbe wa kosa `Unexpected indentation`.

```
    """Kokotoa mavuno kwa hekta.

    Args:
        kilo: Uzito wa viazi.
        ekari: Ukubwa wa shamba,
            usiwe sifuri.

    Raises:
        ValueError: Ekari ikiwa 0 au chini.
    """
```

Mafinga_py
Naunga mkono, ila aina za data ziwekwe kwenye saini ya fankisheni, yaani mstari wa `def` (`kilo: float`), zisirudiwe kwenye maelezo. Zikikaa sehemu mbili, siku moja mtu atabadilisha moja tu.

Kwenye `pyproject.toml` washa kanuni za `D` za Ruff, na chini ya `[tool.ruff.lint.pydocstyle]` weka `convention = "google"`. D205 inakamata mstari mtupu uliosahaulika, D417 kigezo kisichoelezwa. Urefu wa mistari ya maelezo PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, inataka usizidi herufi 72.

Andikeni kilo, msiandike "gunia". Gunia la lumbesa halina uzito mmoja, na msomaji wa Njombe atakuwa na lake kichwani.

Uyole_kodi
Shukrani wakuu. Na mfano wa matumizi unakaa wapi?

Kihesa_juu
Chini ya `Examples:`, kwa alama za `>>>`, kisha endesha `python -m doctest -v faili.py` ili kuijaribu mifano hiyo. Inalinganisha maandishi herufi kwa herufi: fankisheni ikirudisha `10000.0` na wewe umeandika `10000`, jaribio linaanguka.