Rubani akifyatuka na kiti chake kutoka kwenye ndege juu ya ardhi ya adui, kwa nini mmoja huchukuliwa usiku uleule na mwingine baada ya siku sita?

Mwewe_Kimya:
Wakuu, heshima kwenu. Ndege ya kivita F-16 ya Mmarekani Scott O'Grady ilitunguliwa Bosnia tarehe 2 Juni 1995, akachukuliwa tarehe 8. F-117 ya Mmarekani mwenzake Dale Zelko iliangushwa tarehe 27 Machi 1999, tena si mbali na Belgrade, naye akatolewa baada ya saa nane hivi. Wote walikuwa na redio na wote walitua wakiwa hai. Tofauti ilitoka wapi? Na kwa nini rubani asiwashe tu kile kifaa cha kutoa mlio wa dharura, ajifiche, angoje helikopta?

Anga_Pana:
Mkuu, jibu ni kwamba helikopta haitumwi kumtafuta mtu. Inatumwa kumchukua mtu ambaye tayari anajulikana yuko wapi, yu hai, na ni yeye kweli. Kabla ya mambo hayo matatu kukamilika, hakuna kamanda makini atakayepeleka watu wengine wafe.

Zelko alianza kuita redioni akiwa bado ananing'inia kwenye parachuti. Redio za kujiokoa hutumia mawimbi yanayokwenda moja kwa moja kama mwanga: ukiwa juu yanafika mbali, ukiwa bondeni mlima unayakata. Kwa hiyo wenzake walijua mapema kwamba ametoka kwenye ndege. O'Grady alipigwa juu ya mawingu, na mwenzake aliyeruka naye hakuona parachuti. Akatua karibu na watu waliokuwa wakimsaka, wengine wakapita hatua chache kutoka alipolala, akanyamaza. Alifanya sawa kunyamaza, ila kimya hicho kilimaanisha kwamba upande wa pili hawakuwa na uhakika kama wanamtafuta mzima au maiti.

Na tusisahau hali ya mwili. Kiti kinapofyatuka, mgongo hubeba mara 12 hadi 20 ya uzito wa kawaida kwa sehemu ya sekunde. Pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea, na kasi kubwa ya upepo hupeperusha mikono na miguu mpaka viungo vinateguka. Mipango inayodhani rubani ataruka ukuta na kukimbia kilomita kumi haijengwi na watu wanaojua kazi hii.

Angani ana dakika chache tu za kutumia vizuri. Anaangalia kama parachuti limefunguka lote na kamba hazijasokotana, anainua kioo cha kofia, anavua barakoa ya oksijeni, anaachia mfuko wa vifaa uning'inie chini yake. Kama chini ni miti, mfuko hauachiwi, maana utanasa. Kisha anaelekeza parachuti mbali na barabara na nyumba, anabana miguu na magoti pamoja, anatua. Chini anaficha parachuti na kuondoka hapo haraka kadiri anavyoweza, kwa sababu kila aliyeliona likishuka anaelekea palepale.

Mahali pa kujificha pasiwe kichaka pekee katikati ya uwanja, wala nyumba tupu, wala kando ya mto au daraja. Huko ndiko mtu yeyote angeanza kutafuta. Panapofaa ni pale panapofanana na pengine pote, padogo, penye miiba, pasipo na sababu ya mtu kupita.

Fundi_Masafa:
Nichukue upande wa redio, maana hapo ndipo wengi hupotelea.

Ule mlio wa dharura kwenye 243.0 au 121.5 MHz unasikika na kila mtu, adui akiwemo. Akiwa na vipokezi viwili vya kupima mwelekeo, anachora mistari miwili kwenye ramani na pale inapokutana ndipo ulipo. Vietnam walikwenda mbali zaidi: redio walizoteka waliziwasha ili kuvuta helikopta kwenye mtego wa bunduki. Ndiyo maana rubani anazungumza kwa sekunde chache, anazima, anahama kama mazingira yanaruhusu, kisha anasikiliza kwa saa zilizopangwa kabla ya kuruka.

Makosa madogo yanayoua mawasiliano: kuelekeza ncha ya antena kwenye ndege (mawimbi hutoka ubavuni, nchani karibu hakuna kitu, kwa hiyo antena isimame wima); kuacha betri kwenye baridi badala ya kuiweka ndani ya nguo; kutochomeka kipokea sauti cha sikioni, hivyo redio inabweka usiku kucha.

Kisha uthibitisho. Kabla ya kwenda vitani rubani hujaza fomu ya siri yenye namba ya tarakimu nne na maelezo machache ya maisha yake ambayo hayapatikani hadharani. Akipatikana redioni haulizwi namba nzima. Anaulizwa, kwa mfano, tarakimu ya kwanza ukijumlisha na ya tatu ni ngapi. Kilichokwisha kutumika hakirudiwi, kwa kuwa adui amekisikia. O'Grady aliulizwa alikuwa kikosi gani alipokuwa Korea. Akajibu "Juvats", na kuanzia hapo kazi ikaanza.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Iceal Hambleton, Mmarekani aliyetunguliwa Vietnam, Aprili 1972. Adui alikuwa anasikiliza kila neno, kwa hiyo akaongozwa kuelekea mtoni kwa viwanja vya gofu alivyovijua kwa moyo: shimo fulani la uwanja fulani lilimpa mwelekeo na umbali. Asiyejua viwanja hivyo hakuambulia kitu.

Mwewe_Kimya:
Nimeelewa, asanteni sana. Sasa akishathibitishwa, kwa nini zinakwenda ndege nyingi kumchukua mtu mmoja? Helikopta moja ya haraka usiku si ingetosha?

Anga_Pana:
Kisa hichohicho cha Hambleton kinajibu. Tarehe 6 Aprili 1972 helikopta HH-53 ilikwenda kumchukua, ikatunguliwa, wote sita waliokuwemo wakafa. Hatimaye alitolewa kwa njia ya mto na Thomas Norris, mwanamaji wa Marekani, pamoja na Nguyen Van Kiet wa jeshi la majini la Vietnam Kusini.

Helikopta inapoganda angani kushusha kebo haiwezi kukwepa chochote. Kwa hiyo ndege za kushambulia, siku hizi A-10, hutangulia. Zinamuuliza rubani bunduki ziko upande gani, upepo unatoka wapi, zinachunguza njia, zinapiga kinachotakiwa kupigwa. Nyingine zinavuruga rada, nyingine zinajaza helikopta mafuta angani. Januari 1991 huko Iraki, A-10 zililazimika kuharibu lori lililokuwa likielekea alipojificha Devon Jones, rubani wa F-14, dakika za mwisho kabla helikopta MH-53 haijatua.

Kamba_ya_Mwisho:
Niongeze hatua ya kuchukuliwa, kwani watu hudhani hapo hatari imekwisha. Waokoaji wanamshughulikia kama mtu wasiyemjua mpaka wamhakiki ana kwa ana. Anapiga magoti, mikono inaonekana, silaha imewekwa kando, hakimbilii helikopta mpaka aambiwe. O'Grady alitoka msituni akikimbia na bastola mkononi. Kwa askari mwenye wasiwasi hilo lingeweza kuishia vibaya. Kebo ya winchi nayo iguse ardhi kwanza, kwa sababu helikopta hujikusanyia umeme tuli, na anayeidaka hewani hupigwa.

Moshi usiwashwe mpaka helikopta iombe. Kile kifaa cha Mk-124 kina ncha mbili: moshi wa machungwa kwa mchana, mwali mwekundu kwa usiku, kila upande takriban sekunde 20 tu. Ncha ya usiku ina vinundu ili vidole viitambue gizani.

Sheria_Vitani:
Swali dogo: kumpiga risasi rubani akiwa angani kwenye parachuti si kosa?

Fundi_Masafa:
Ni kosa. Ibara ya 42 ya Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza, na akifika ardhini kwenye eneo la adui lazima apewe nafasi ya kujisalimisha, isipokuwa anafanya tendo la uadui waziwazi. Askari wa miavuli hawamo kwenye kinga hiyo. Lakini Oleg Peshkov, rubani wa ndege ya Urusi Su-24, aliuawa hivyo tarehe 24 Novemba 2015 mpakani mwa Syria na Uturuki. Mwenzake, Konstantin Murakhtin, aliokolewa, ila helikopta moja ya Mi-8 iliyokwenda kuwatafuta ilipigwa na mwanamaji mmoja akafa. Kwa hiyo mipango hufanywa kana kwamba ibara hiyo haitaheshimiwa, na parachuti huelekezwa mbali na watu tangu linapofunguka.