Mjadala: Shule ya Pugu ni ya nani? Zilizotaifishwa zirudi Kanisani au zibaki serikalini?

Mleta mada

Ndugu zangu, nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake.

Kila mara matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa na seminari kadhaa zikaonekana juu, hoja hii hufufuka. Mmoja anasema serikali irudishe shule za Kanisa kwa sababu imeshindwa kuzitunza. Mwingine anamuuliza zilijengwa kwa jasho la nani na walimu walilipwa na nani. Siku ya tatu tumeshafikia matusi ya dini, kisha kimya mpaka mwakani. Leo naomba tushike shule moja tu tuitazame kwa karibu, nayo ni Pugu, iliyokuwa ikiitwa St. Francis.

Mnaopita Gongo la Mboto kwenda Kisarawe mnaijua ile milima. Wabenediktini, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, walifungua misheni pale mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa na kuteketezwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Miezi kumi na moja baadaye Abushiri naye akanyongwa Pangani. Kwa hiyo wanaosema historia ya Pugu ni ya amani na elimu tu wanaikata kichwa. Ardhi ile ilimwagikiwa damu ya pande zote mbili kabla hajapatikana mwanafunzi wa sekondari. Leo Wakatoliki wanakwenda kuhiji Pugu, na nadhani hata asiye Mkatoliki anaweza kuelewa kwa nini.

Chuo cha St. Francis kilikuja baadaye, enzi za watawa Wakapuchini wa Uswisi chini ya Askofu Maranta. Hapo ndipo alipofundisha Julius Nyerere baada ya kurudi kutoka Edinburgh. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika kilichokuja kuzaa TANU, akiwa mwalimu wa Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, naye bado anafundisha historia kule mlimani na kuteremka mjini kwenye mikutano. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilibidi achague kati ya chaki na siasa, akaacha kazi. Jina la Mwalimu tunalomwita hadi leo limetoka katika madarasa ya misheni, St. Mary's Tabora kuanzia 1946 hadi 1949, kisha Pugu.

Na ni serikali ya mtu huyohuyo iliyopitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ikachukua shule zilizokuwa zikipokea ruzuku. Mkatoliki wa kusali kila siku alizichukua shule za Kanisa lake mwenyewe. Sijawahi kuona aliyeeleza jambo hili vizuri kwa kulipuuza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiwepo wa kuutafuta. Shule zibaki za umma. Ila tulipozitaifisha tulitaifisha pia kumbukumbu zake, halafu tukaziacha zife, na hilo halikuwemo kwenye sheria yoyote. Warudishiwe jina, nyaraka na heshima ya waliozijenga. Funguo za mabweni zikae palepale.

Nitawaambia ninachosemea. Mimi nilisoma shule moja ya wavulana iliyokuwa ya misheni, si Pugu, na sitaitaja. Juu ya mlango wa bwalo palikuwa na jiwe lenye jina la mtakatifu na mwaka. Lilipigwa plasta zamani, likapakwa rangi ya kijani, lakini jua la saa kumi likilipiga ubavuni ulikuwa unazisoma herufi zimetuna chini ya rangi. Tulipokuwa kidato cha tatu tuliagizwa kufanya usafi stoo ya nyuma ya jiko. Tukakuta madaftari ya mapokezi yenye jalada gumu, wino wa buluu, mwandiko wa kulala. Kila ukurasa una safu: jina, kijiji, jina la baba, dini, ada. Kwenye ada kuna mahali padre ameandika "mbuzi 2", na chini yake kwa mwandiko mwingine, "amemaliza". Tulisoma kurasa tatu nne tukiwa tumechuchumaa, kisha tukaambiwa tuyatoe yote nje. Baadhi yalichomwa. Kurasa za mengine wiki ile nilifungiwa maandazi.

Yule aliyelipa mbuzi wawili alikuwa babu wa mtu. Wadau, karibuni.

Mwalimu mstaafu, Songea

Mleta mada, mwanangu, umeandika kwa uchungu na nimekusoma mpaka mwisho. Lakini msimamo wako una nyufa. Unataka jina lirudi bila mwenye jina kurudi? Nimefundisha miaka thelathini na moja, nusu serikalini, nusu kwenye shule ya dayosisi. Tofauti sikuiona kwenye mtaala wala kwenye akili za watoto. Niliiona kwenye nani anaamka usiku bweni likivuja. Shule ya Kanisa ina mtu ambaye anaishi hapohapo, hana familia ya kumkimbilia wikiendi, na askofu atamuuliza. Ya serikali ina barua inayozunguka ofisi tatu kupata bati kumi.

Shule ya Forodhani imesharudi kwa Jimbo Kuu la Dar es Salaam, leo ni St. Joseph. Mbona dunia haikupasuka? Mimi nasema zirudi taratibu, moja moja, kwa mkataba.

Mchangiaji wa Tabora

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, napinga.

Mimi ni Mwislamu, baba yangu alizaliwa mwaka 1946. Alifaulu darasa la nne akapelekwa kuomba nafasi kwenye shule ya misheni iliyokuwa ya pekee upande ule wenye madarasa ya juu. Waliwaambia nafasi ipo, lakini kijana ahudhurie mafundisho. Babu akamrudisha nyumbani akachunge. Sitaji shule wala dhehebu kwa sababu najua wapo mapadre waliowapokea Waislamu bila sharti, hata rafiki zake baba wawili walisoma hivyo. Lakini baba hakusoma. Wadogo zake waliozaliwa mwishoni mwa miaka ya hamsini walikuta shule zimeshakuwa za serikali, na mmoja wao akawa mhandisi. Ndani ya nyumba moja, tumbo moja, tofauti ni sheria ya 1969. Kwa hiyo mtu akiniambia utaifishaji ulikuwa wizi, namwomba aje tule pamoja nyumbani amwambie mzee usoni.

Tena tusisahau hazikuchukuliwa za Kanisa peke yake. Shule ya Tambaza ilikuwa ya Aga Khan, kiongozi wa Waismailia. Wenzetu wale hawajaja na mabango.

Na hiyo Hati ya Makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, sisi wengine bado inatukaa kooni. Zikirudishwa shule kwa mlango ule, nani atazungumza na sisi tuliokuwa hatuna cha kurudishiwa?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Tabora, hapo kwa baba yako nimesimama. Nilikuwa na jibu nimeshaliandika, nimelifuta.

Naongeza jambo moja linalokupa nguvu. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali ukaguzi. Mishahara ya walimu wengi wa misheni ilikuwa na fedha ya kodi ndani yake, na kodi ya kichwa haikuuliza mtu anasali wapi. Babu yako aliyemrudisha mwanawe akachunge alikuwa akiichangia shule ileile. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema majengo yabaki ya umma.

Ila nakuomba nawe uipokee hii. Yule mwalimu wa Pugu alipokuwa akiteremka mjini, alipokelewa na nani? Akina Abdulwahid Sykes, wazee wa Gerezani na Kariakoo, wengi wao Waislamu. Walimpa uongozi kijana Mkatoliki aliyeajiriwa na mapadre, wakamchangia nauli ya kwenda New York, na alipoacha kazi hawakumwacha. Pugu haiwezi kusimuliwa bila Kariakoo. Nikisema kumbukumbu za St. Francis zihifadhiwe, nazihesabu kuwa zako pia. Mtoto wa Ilala akiingia pale Pugu leo aone kwamba milima ile na mitaa ile ilikuwa na njia moja katikati, na kwamba njia hiyo ilikuwa ikipitwa na miguu ya watu wa dini mbili.

Kuhusu mlango wa 1992, kuna jambo ambalo hutajwa mara chache kwenye mabishano haya. Benjamin Mkapa alisoma Pugu kabla ya kwenda Makerere. Akiwa rais, serikali yake ilitoa majengo ya umma ya Morogoro, yaliyokuwa chuo cha TANESCO, kwa Waislamu, na leo ni Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Kijana wa misheni alitoa mali ya umma kwa taasisi ya Kiislamu. Halimalizi deni la baba yako. Linaonyesha tu kwamba mlango si mmoja.

Mwalimu, shikamoo. Kwenye bweni linalovuja sina ubishi. Lakini tukubaliane kwamba hilo ni swali la matunzo, na mtunzaji mbaya hutengenezwa, hatoi sababu ya kubadilisha hati ya kiwanja. Seminari hazikutaifishwa. Kanisa lilibaki nazo, na baadaye likaruhusiwa kujenga shule nyingine, limejenga nyingi na nzuri. Halihitaji Pugu ili lifundishe.

Mama wa wawili, Pugu Kajiungeni

Samahani baba zangu, mnabishana kama vile shule ipo kwenye vitabu. Ipo hapa, kengele yake naisikia nikiwa naanua nguo. Mtoto wa jirani yangu anasoma hapo. Mama yake anauza samaki Gongo la Mboto. Shule za masista na mapadre nimeulizia ada, sitaandika kiasi hapa, ila kwa kipato cha yule mama ni mauzo ya mwaka mzima bila kula. Mkisema irudi Kanisani, semeni na ada itakuwa ngapi na huyo mtoto atahamia wapi. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki, naimba kwaya, na siku za hija nasaidia kupika. Nalipenda Kanisa langu. Ila hapo hapana.

Mwalimu mstaafu, Songea

Mama, umenishika pabaya. Nilipokuwa shule ya dayosisi niliwahi kuwa kwenye kamati ya ada, na nakiri watoto wa wauza samaki tuliwapata wachache sana. Msimamo wangu wa mkataba sijauacha, lakini sharti la ada liwe mstari wa kwanza. Kanisa likisema haliwezi, basi shule isirudi.

Na kuhusu jina, mleta mada, naanza kukuelewa. Kule kwetu vijana hawajui kwamba shule yao iliwahi kuwa na jina jingine. Wanadhani ilianza siku ilipopakwa rangi.

Mchangiaji wa Tabora

Jina sina tatizo nalo. Ibandikwe hata kesho, "zamani St. Francis", pamoja na maelezo ya nani alipata nafasi na nani hakupata. Hiyo ya pili isikosekane. Mkiandika wamisionari walileta mwanga mkaacha safu ya dini iliyokuwa kwenye yale madaftari yako ya mbuzi wawili, nitarudi hapa.

Mleta mada

Isikosekane. Safu ile niliisoma kwa macho yangu, na ndiyo hasa inayonifanya nilie na waliochoma. Madaftari yale yangekuwepo, leo tungehesabu wangapi walipokelewa kutoka dini ipi na kijiji kipi, tukaacha kubishana kwa hisia.

Ombi langu kwa yeyote anayesoma: kama mzee wako alisoma Pugu, St. Mary's au shule yoyote ya misheni ya wavulana, fungua sanduku lake. Ripoti za muhula, picha za timu ya mpira, barua za padre kwa mzazi, hata risiti. Piga picha kabla mchwa hawajafika, na andika nyuma nani ni nani akiwa bado anakumbuka.

Msomaji, anachangia mara ya kwanza

Nimekuwa nikisoma tu. Jana usiku nilifungua sanduku la bati la marehemu baba, alisoma Pugu mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kuna picha moja, wavulana kumi na tisa wamesimama ngazini, kaptura na mashati meupe, miguu pekupeku isipokuwa mmoja. Nyuma ameandika majina yote kwa penseli. Nimeyasoma kwa tochi ya simu: Petro, Yohana, Aloisi, na wa tatu kutoka kushoto, Ramadhani. Jina la mwisho limefutika kwenye mkunjo. Mama anasema anamkumbuka, alikuwa akija nyumbani siku za Idi na sahani ya pilau. Anajaribu kukumbuka alikuwa mtoto wa nani. Akikumbuka nitaandika hapa.